Suruali Mbili za Fundi Pindo

Penye njia panda ile palikuwa na benchi la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi. Mbele ya benchi palikuwa na jiko dogo la makaa, na juu ya jiko birika la Shangazi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la rangi, na juu ya duka la rangi ukumbi wenye madirisha mapana yasiyo na mapazia. Mtu akiketi benchini akainua macho, aliona vichwa na mabega ya watu waliomo ukumbini, na mara mojamoja, kwa sababu ambayo hakuna aliyeweza kuieleza, aliona mguu. Benchi lilikuwa na sheria moja tu, nayo ilikuwa kongwe kuliko wote waliolikalia: anayeinuka kabla ya birika kukauka hufudikiza kikombe chake, mdomo chini, na waliobaki wana haki ya kumsema mpaka tone la mwisho. Hakuna aliyelalamika, maana kila mmoja alikwisha kusemwa. Kila mmoja isipokuwa Fundi Pindo.

Fundi Pindo alikuwa mshonaji, na chumba chake cha cherehani kilipakana na cha kinyozi. Jina hilo alipewa na benchi kwa sababu hakuweza kutazama suruali iliyopindwa upande bila kuumwa moyo. Aliwahi kumvua mtu suruali nyuma ya pazia ili amnyooshee pindo bure. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikunywa polepole, akawasikiliza wenzake wakisemwa, akawa wa mwisho kuondoka siku zote, na jambo hilo, bila kumwambia mtu, lilikuwa fahari yake.

Jumatano ile alikuwa amevaa suruali mbili.

Ya juu ilikuwa ya kijivu, nzito, yenye mkunjo wa pasi uliosimama. Ya ndani ilikuwa nyeusi, ya kitambaa kinachovutika, aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe, nayo ilikuwa ikimchemsha kama kiazi chunguni.

Kushoto kwake aliketi Tani Kumi, dereva wa lori aliyestaafu. Jina hilo lilitokana na lori alilokuwa akiliendesha. Wanaodai kwamba lilitokana na tumbo lake wanakosea, ingawa hawakosei sana. Tani Kumi alimaliza kahawa yake, akafudikiza kikombe, akaokota mfuko wake wa nguo.

— Haya jamani, mimi naenda.

— Unaenda wapi? aliuliza Twende.

— Naenda.

Kisha akamgeukia Fundi Pindo, akamtazama. Walikuwa wamekubaliana kwamba leo wangeinuka pamoja. Fundi Pindo akachungulia ndani ya kikombe chake kama mtu aliyedondosha sindano humo. Tani Kumi alingoja, akakohoa, akangoja tena, halafu akavuka barabara peke yake na kuingia mlango mwembamba ulio pembeni mwa duka la rangi, ule wenye ngazi za kwenda juu.

— Kaondoka, alisema Twende, akisugua viganja. — Shangazi, birika lina nini?

— Lina nusu, alisema Shangazi.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Ila hakuna aliyepata kumwita kwa jina jingine, na yeye hakupata kulitaja.

— Nusu inatosha, alisema Twende. — Wenzangu, huyu mtu anakwenda kule juu kila Jumatano. Anafanya nini?

Fundi Pindo alijua anafanya nini. Palepale ndipo alipobanwa.

Alijua kwa sababu Tani Kumi alifika kwake na suruali iliyopasuka katikati ya miguu, mpasuko mrefu, wa nguvu, ambao mshonaji akiuona hujua kwamba haukutokana na kukaa. Fundi Pindo aliuliza tu: ilikuwaje? Tani Kumi alichungulia nje, akavuta pazia, akasema kwa sauti ya chini kwamba amejiunga na darasa la baleti. La watu wazima. La wanaoanza.

— Ile ya kuchezea kwenye ncha za vidole?

— Hayo ni ya waliobobea. Sisi tunavaa viatu laini kama soksi. Tunashika mti uliofungwa ukutani, tunakunja magoti, tunanyooka. Basi. Ngoja nikuonyeshe.

Akashika ukingo wa meza ya kupigia pasi, yule mtu mkubwa, akakutanisha visigino na kuzielekeza ncha za miguu nje, akashuka taratibu bila kuinua kisigino, akapanda taratibu. Vifungo vya shati lake havikuvutana. Kwa muda ule mfupi Fundi Pindo, ambaye alikuwa amempima kiuno mara nyingi, aliona kwamba kimo chake kimeongezeka.

— Daktari ndiye aliyekutuma?

— Daktari alisema nitembee. Nikatembea, nikachoka na kutembea, maana ni barabara zilezile. Siku moja nilipita chini ya madirisha yale nikasikia kinanda, nikapanda ngazi nikitaka kujua tu. Mwalimu akaniambia, baba, ukisimama mlangoni unatuletea upepo, ama ingia ama toka. Nikaingia. Pindo, ndugu yangu, napanda kitanda changu siku hizi kama kijana. Na halafu, akacheka kwa aibu, inapendeza. Sijui nikwambieje. Inapendeza tu.

Fundi Pindo alishona kipande cha kuongezea, cha pembe nne, mahali penye mpasuko, ili miguu iweze kwenda ilikotaka. Lakini usiku hakulala. Mgongo wake, uliokuwa umeinama juu ya cherehani tangu ujana, ulikuwa umeanza kukataa kunyooka. Asubuhi ya siku ileile mkewe ndiye aliyemvisha soksi. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama mtoto, akinyoosha miguu, na mkewe akapiga magoti, akavuta soksi ya kulia, akavuta ya kushoto. Daktari alikwisha kumwambia: kiuno hiki kinaganda, kisipotikiswa, cherehani utaiona kwa macho tu. Akafikiri juu ya yule mtu mkubwa akishuka na kupanda penye meza ya pasi. Kulipopambazuka alichukua kitambaa kilichobaki, akajipima mwenyewe, jambo gumu sana, akajishonea.

— Nenda, mkewe alimwambia. — Mgongo ni wako. Kama watacheka, wacheke. Hawakuvishi soksi wao.

Ilikuwa rahisi kusema. Mkewe hakukaa benchini.

— Mimi nimemchunguza, alisema Twende sasa. Huyu alikuwa kondakta wa mabasi maisha yake yote, na jina lake lilikuwa neno alilolipigia kelele mlangoni. Tangu astaafu hajakwenda popote. — Wiki iliyopita nilisimama pale kwenye nguzo, shingo juu. Wamepangana mstari mmoja. Kila mtu ameshika bomba. Bomba lile la kushikia, kama la ndani ya basi. Mkono mmoja kwenye bomba, mkono mwingine hewani, kama anayelipa nauli. Halafu mguu unakwenda mbele, unarudi. Mbele, unarudi. Sasa niambieni, mguu unaokwenda mbele na kurudi ni mguu wa nini?

— Wa nini?

— Wa klachi! Ni shule ya udereva. Ila hawana gari.

— Tani Kumi ameendesha lori miaka yote, alisema Kinyozi, — aende kujifunza klachi?

— Magari ya kisasa, bwana! Mambo yamebadilika. Labda klachi sasa inakanyagwa kwa upande. Nilimwona anapeleka mguu upande.

— Huo si udereva hata kidogo, alisema Timazi.

Timazi alikuwa mwashi, na mfukoni mwa koti lake kulikuwa siku zote na timazi yenyewe, ule uzi wenye risasi nzito ya kupimia unyofu wa ukuta. Aliitoa sasa, akaiacha ining'inie mbele ya uso wa Twende.

— Umeangalia miguu. Hukumwangalia mwalimu. Mimi nilimwangalia mwalimu. Yule mama anapita nyuma yao mmoja mmoja. Anaweka kiganja hapa, akajigusa kiunoni. — Anasukuma. Anaweka kidole hapa, chini ya kisogo. Anainua. Anarudi nyuma hatua moja, anafumba jicho moja. Ile ni kazi yangu ile! Anawapima kama wamesimama wima. Wale ni watu waliopinda, wanarudishwa kwenye mstari.

— Kwa hiyo ni hospitali, alisema Twende.

— Si hospitali. Hospitali wanakulaza. Pale wanakusimamisha. Ni karakana ya watu.

Fundi Pindo alijisogeza. Jasho lilikuwa likimshuka nyuma ya goti. Jambo lililomshangaza ni kwamba Timazi alikuwa amekosea na hakuwa amekosea. Akajiuliza kiganja kile kingesema nini kikifika kwenye mgongo wake yeye.

— Na kinanda je? aliuliza Shangazi, akichochea makaa. — Karakana gani ina kinanda?

— Kinanda ni cha kuficha kelele za mifupa, alisema Timazi bila kusita.

— Jamani, ninyi mmeangalia miguu na migongo, alisema Kinyozi. — Mimi naangalia vichwa. Ndiyo kazi yangu.

Kinyozi hakuwa na jina la utani. Yalijaribiwa kadhaa, hayakushika.

— Vichwa vyao viko hivi. Akainua kidevu, akarefusha shingo, akatazama mbali. — Kidevu juu, shingo ndefu, macho hayatazami mtu. Nani anayekaa hivyo? Anayenyolewa. Ila pale hakuna wembe. Sasa ni nani mwingine anayekaa hivyo?

— Twiga, alisema Twende.

— Bwana harusi! Bwana harusi akipigwa picha. Na tena, nyinyi hamjui, alikuja kwangu Jumanne akaniambia nimpunguze pembeni, nimsafishe shingo. Shingo! Tani Kumi! Mtu ambaye shingo yake nilikuwa sijapata kuiona.

Benchi zima likamgeukia Kinyozi. Hata Timazi akairudisha timazi yake mfukoni.

— Yaani unataka kusema, alisema Twende polepole, — kwamba kule juu...

— Wanafundishwa namna ya kuingia ukumbini. Hatua moja, unasimama. Hatua moja, unasimama. Mkono mmoja hewani, maana mkono ule utashikwa na bibi harusi. Jamani, Tani Kumi anaoa.

— Ana mke!

— Ndiyo maana hasemi anakokwenda.

— Pindo, alisema Twende, akigeuka kwa ghafla. — Wewe ni rafiki yake. Mbona umekaa kimya kama maji ya mtungi?

— Mimi sina la kusema, alisema Fundi Pindo. — Vipimo vya mteja havitoki mlangoni kwangu.

Alipolisema tu, alijua amejikwaa.

— Vipimo! Kinyozi akapiga paja. — Kumbe amepimwa! Amepimwa nguo! Pindo, ni suti, sivyo? Sema ukweli. Ni suti nyeusi?

— Ni nyeusi, alisema Fundi Pindo, ambaye hakujua kusema uongo wa haraka, — lakini si suti.

— Nyeusi! Mwenyewe kasema! Ndugu zangu, mimi shemeji yetu yule namheshimu. Yule mama amenilisha. Siwezi kukaa hapa nikinywa kahawa na huku mumewe anafundishwa kuingia ukumbini. Simu yangu iko wapi?

— Unampigia nani?

— Shemeji. Kwa upole. Nitamwuliza tu kama ana habari.

— Mpigie, alisema Twende.

— Usimpigie kwanza, alisema Timazi. — Mpigie halafu ukate.

Fundi Pindo akaiona simu ikitoka mfukoni, na kidole cha Kinyozi kikitafuta jina. Akamwona mke wa Tani Kumi, mama mpole mwenye miwani, akiipokea jikoni na mikono yenye unga.

— Weka simu hiyo, alisema.

Hakupaza sauti. Lakini alikuwa mtu ambaye hakupata kumwambia mtu pale afanye jambo lolote, isipokuwa kuvua suruali, na Kinyozi akaiweka.

— Haoi mtu. Anajifunza baleti. Mkewe anajua, ndiye anayemfulia. Haya, nimesema, na mwenyewe nitamwomba radhi.

— Anajifunza nini?

— Baleti. Kucheza. Kwa ajili ya afya, na kwa sababu anapenda.

Pale ambapo alitazamia kicheko, hakikuja. Kilichokuja ni maswali, yote kwa mpigo, kama kuku waliomwagiwa mtama.

— Ile ya kusimama kwenye kucha?

— Hapana. Wanaoanza hawasimami hivyo. Wanavaa viatu laini.

— Na sketi ile iliyosimama kama mwavuli?

— Anavaa suruali. Mimi ndiye niliyeirekebisha.

— Na klachi ile?

— Ananyoosha mguu na kuurudisha. Ili paja liwe na nguvu.

— Aa, alisema Twende kwa masikitiko. — Lakini ungekuwa ni mguu wa klachi, ungekuwa mzuri sana.

— Sasa mtu wa umri wake, alisema Timazi, — mguu wake unakwenda mpaka wapi?

— Unakwenda mpaka unapofika, alisema Fundi Pindo. — Mwalimu hamlazimishi. Ameniambia kwamba mwanzoni ulifika kwenye kifundo cha mguu mwingine, basi. Sasa umepanda.

— Mpaka wapi?

— Mpaka kule ambako mnauona dirishani.

Wote wakainua macho. Kinanda kilikuwa kimeanza. Vichwa vilionekana, vikishuka kwa pamoja na kupanda kwa pamoja, taratibu, kama mashua zilizofungwa gatini. Kichwa cha Tani Kumi kilikuwa kikubwa kuliko vingine, na kweli kilikuwa kimenyolewa vizuri shingoni.

— Anashuka sawasawa, alikiri Timazi. — Hapindi.

— Mimi sishangai, alisema Twende, ambaye alikuwa ametoka kushangaa. — Mtu akishikilia bomba, chochote kinawezekana. Kazi ni kuachia.

— Haiwezi kuwa afya tu, alisema Kinyozi, aliyeachwa na harusi yake mikononi. — Afya mtu anakunywa dawa.

Ndipo mwanamke mmoja aliposimama mbele ya benchi. Alikuwa mtu mzima, mwenye nywele za mvi zilizobanwa nyuma, na miguuni alivaa viatu vyeupe vya kiuguzi vilivyokanyagwa vya kutosha. Begani alikuwa na mkoba. Aliwaamkia, wakamwitikia, Shangazi akamsogezea kikombe.

— Asante, dada, nisikawie. Natafuta darasa la baleti, la wanaoanza. Nimeambiwa ni juu ya duka la rangi.

— Mlango ule mwembamba, alisema Twende. — Pembeni. Panda ngazi.

— Umefika mahali penyewe, alisema Kinyozi. — Hapa ndipo tunapolijua darasa lile kuliko wenyewe.

— Kumbe! Yule mama alifurahi kweli, akakipokea kikombe. — Basi niambieni. Ni siku yangu ya kwanza, na mwenzenu naogopa. Nimesimama wodini maisha yangu yote, miguu imekuwa kama ya meza. Ni vigumu?

— Si vigumu, alisema Timazi. — Muhimu ni kunyooka tu. Kisogo na kiuno viwe mstari mmoja.

— Na kidevu, alisema Kinyozi. — Kidevu usikishushe.

— Shika bomba, alisema Twende. — Usiachie mpaka mwalimu aseme.

— Vizuri, alisema yule muuguzi, akiyapokea yote kwa makini kama maagizo ya daktari. — Na kuruka kupo?

Wakamtazama Fundi Pindo.

— Kupo, alisema. — Ameniambia kupo. Mwishoni, kidogo tu. Kukunja magoti, na kuruka, na kutua.

— Hapo ndipo ninapoogopa, alisema yule muuguzi. — Nilikuwa nikiwaza njiani, sikupata jibu. Hebu nisaidieni. Ninyi mara ya mwisho mliruka lini?

— Kuruka nini?

— Kuruka tu. Miguu yote miwili ikaacha ardhi.

— Mimi! Twende akajipiga kifua. — Mimi nimeruka kutoka kwenye mabasi mpaka nikastaafu! Basi halijasimama, mimi chini!

— Kule ni kushuka, alisema Timazi. — Mwenzako anauliza kupanda.

— Haya, wewe lini?

— Mwaka huu. Niliruka mtaro pale sokoni.

— Nilikuwapo! alisema Kinyozi. — Ulivuka. Mguu mmoja ulikuwa huku, mwingine ulikuwa kule, na katikati ukakwama ukaniita. Kuruka ni miguu yote hewani.

— Na wewe je?

Kinyozi akajikuna kidevu. Akafikiri.

— Panya alipita dukani, alisema baadaye. — Lakini nadhani nilipanda kiti.

— Shangazi?

— Mwanangu wa mwisho alipofaulu, alisema Shangazi, akitazama makaa. Kisha akatikisa kichwa. — Hapana. Nilipiga vigelegele. Nilikuwa nimekaa.

Kila mmoja alikuwa ameinama kidogo, akirudi nyuma ndani ya maisha yake, akifungua mlango mmoja baada ya mwingine na kuchungulia. Fundi Pindo pia alichungulia. Aliona harusi yake, alisimama. Aliona siku alipoinunua cherehani, aliibeba. Aliona mtoto wake wa kwanza akitembea. Alipiga magoti, enzi zile ambapo magoti yalikubali. Akaenda nyuma zaidi, mpaka utotoni, na hata huko hakuuona mruko wenyewe, aliona tu kwamba lazima ulikuwapo. Kulikuwa na mara ya mwisho, na ilipita, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

— Poleni, alisema yule muuguzi. — Nimewaharibia kahawa.

— Hujaharibu, alisema Fundi Pindo.

Akaweka kiganja kwenye ukingo wa benchi, akajisukuma. Mgongo ulikataa, kama kawaida yake, halafu ukakubali nusu. Alipoinuka, suruali ya kijivu ikapanda juu kidogo ya kifundo, na chini yake ikaonekana ile nyeusi, iliyobana, yenye pindo lililonyooka kama mstari wa rula.

— Pindo, alisema Twende. — Umevaa suruali mbili?

— Ndiyo.

— Joto hili?

— Ndiyo.

Benchi zima likaitazama miguu yake, kisha likautazama mlango mwembamba wa ng'ambo, kisha likamtazama yeye usoni. Masikio yalikuwa yakimwaka. Alichukua kikombe chake, kilichokuwa bado na kahawa, akakinywa chote kwa mkupuo, yeye ambaye alikuwa akinywa kwa kuonja. Akakifudikiza. Kilitoa sauti ndogo kwenye mbao.

— Birika halijaisha, alisema Timazi, si kwa ukali, bali kama mtu anayemkumbusha mwenzake kofia.

— Najua.

— Tutakusema.

— Nisemeni, alisema Fundi Pindo. — Ila mseme sawasawa. Suruali hii nimeishona mwenyewe, na ina kipande cha pembe nne katikati, cha kuipa miguu nafasi. Msije mkasema ni ya kununua.

Kisha akamgeukia yule muuguzi.

— Twende, dada. Tumeshachelewa.

— Naam? alisema Twende, aliyedhani ameitwa.

Ngazi zilikuwa za mbao, zenye mwinuko mkali, na kwa kila moja wawili wale walipumua kwa sauti. Juu, mwalimu aliwapokea bila maneno mengi. Aliwaonyesha pa kuvulia viatu. Fundi Pindo akaivua suruali ya kijivu nyuma ya pazia, akaikunja kwa kufuata mkunjo wa pasi, akatoka. Tani Kumi alimwona, akabana midomo ili meno yasionekane, akajisogeza kumpa nafasi penye ule mti wa ukutani. Mti ulikuwa laini na wa uvuguvugu, kwa sababu ulikuwa umeshikwa na wengi.

— Visigino vikutane, alisema mwalimu. — Vidole nje. Si lazima sana, kadiri nyonga inavyoruhusu. Tunashuka.

Walishuka. Hakushuka mbali. Kitu fulani kiunoni kililia kama bawaba ya mlango uliofungwa siku nyingi, na hakikuuma alivyodhani; kilikuwa kama kinauliza nani anabisha hodi. Akapanda. Kiganja kikatua chini ya mgongo wake, kikatulia hapo, kikasukuma kidogo.

— Hapa, alisema mwalimu. — Hapa pamesahauliwa tu. Usitazame miguu, baba. Tazama mbele.

Mbele palikuwa na dirisha. Fundi Pindo akainua kidevu, akatazama, na kule chini akaliona benchi lao, kwa mara ya kwanza kutoka juu. Lilikuwa fupi kuliko alivyodhani. Lilikuwa tupu.

— Wanatusema? alinong'ona Tani Kumi, ambaye kutoka aliposimama hakuona.

— Ngoja.

Walikuwa wameinuka wote. Shangazi alikuwa ameinua birika, lakini hakuwa akimmiminia mtu. Kinyozi alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara kuziba macho ya wapita njia. Twende alikuwa pembeni, mkono mmoja umeshika mgongo wa benchi, kidevu juu. Na Timazi, yule mwashi mzito, alikuwa amelala kifudifudi chini, shavu kwenye sakafu ya saruji, jicho moja amelifumba, akilenga nafasi iliyo kati ya ardhi na nyayo za Twende.

Twende akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akaachia benchi, akakunja magoti.

— Wanatusema? Tani Kumi aliuliza tena.

Fundi Pindo hakumjibu, kwa sababu Timazi alikuwa amenyanyua mkono, kidole gumba na cha shahada vimekaribiana, vikionyesha kipimo chembamba sana, na wengine wote walikuwa wakipiga makofi.